Maua ya Memsabu Yasiyotaka Maji

Jumatatu, 7 Januari 1957

Memsabu ameondoka leo kwenda Ulaya, miezi miwili. Kabla ya kupanda gari alinipeleka kwenye tuta la maua yake ya nungunungu. Jina nimeyapa mimi, maana katikati yana miiba. Dada yake alimtumia mbegu kutoka Amerika, huko zinakoota zenyewe mbugani. Tulizilaza kwenye friji wiki sita, kama nyama, kabla ya kuzipanda. Amri zake: nisitie maji, hata tone. Nisitie samadi. Majani yakikauka niyaache, mizizi imelala tu. Akaongeza, kwa upole sana, kwamba nikiyaua nitarudi kwetu Kimilili na mke wangu.

Mtunza bustani amekatazwa kumwagilia! Hii ni mara ya kwanza nalipwa kuacha kazi.

Jumapili, 27 Januari

Hapa Dundori kote kumekuwa rangi ya mkate. Maua yamenyong'onyea. Nyapara Kemboi alipita akaniuliza kama kwetu hata mgonjwa hunyimwa maji. Nicodemus mpishi akasema kibarua changu kinaota nyasi, na ndizo nyasi pekee za kijani hapa shambani. Naliaka, mke wangu, aliviangalia tu vyombo vyetu, kama mtu anayepima mzigo.

Jumapili, 10 Februari

Juu yamekauka yote. Nimefukua mzizi mmoja — mgumu, mweupe ndani. Mzima kabisa! Memsabu hakudanganya. Nimerudisha udongo. Basi.

Jumamosi, 23 Februari

Asubuhi udongo wa tuta ulikuwa mbichi. Mvua haijanyesha tangu Krismasi! Nikajificha nyuma ya tangi.

Wa kwanza: Naliaka, na maji aliyooshea sufuria ya ugali. Sijafunga mdomo, akaja Nicodemus na birika. Jioni Kemboi, madebe mawili, maji ya ng'ombe. Kila mmoja aliangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

Nilipotoka, Kemboi hata hakushtuka. Alitua madebe.

"Nilikuonea huruma, Wasike. Wewe na amri zako mngekauka pamoja."

Niliwauliza wote watatu. Kumbe wiki mbili nzima, kila siku, kila mmoja kwa siri yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jumatatu, 4 Machi

Nimefukua tuta lote. Mizizi ni laini kama kiazi kilichosahaulika kwenye maji. Inanuka. Uko mmoja tu mgumu, ule wa pembeni, penye mawe. Mmoja kati ya thelathini.

Jua halikuyaua. Sisi ndio.

Naliaka amefunga sufuria kwa kamba.

Jumamosi, 9 Machi

Memsabu amefika saa nne. Alikwenda kwenye tuta bado amevaa kofia. Akapiga magoti, akavuta mmea mmoja, ukaja wenyewe, bila mzizi. Akauliza nani ametia maji.

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri, wa bomba kupasuka. Sikuwahi. Nicodemus alisema ni yeye. Kemboi akavua kofia, akasema ni yeye pia, na kwamba mimi niliwakataza. Kemboi! Aliyenicheka tangu Januari! Naliaka naye, ambaye hajawahi kumsemesha Memsabu, akasema ni yeye.

Memsabu alinigeukia.

"Na wewe, Wasike?"

Nikasema hapana, Memsabu.

Lakini nilitia. Tarehe kumi Februari, baada ya kufukua ule mzizi na kuuona ni mzima. Kikombe kimoja, ili nilale vizuri. Hata humu sikuandika. Kikombe ni cha Naliaka, aliniona nikikichukua, na leo aliniangalia mdomoni nikisema hapana.

Naliaka ameambiwa arudi kwenye kibanda chetu, hajasogea. Kemboi na Nicodemus wametumwa kuleta vipande vyao vya kazi, vile vitambulisho ambavyo mwajiri hutia sahihi akimfukuza mtu. Wameshaleta. Naviona kupitia dirisha, viwili, juu ya meza, na Memsabu anatafuta kalamu. Changu kiko mfukoni. Ninaandika nimesimama hapa kwenye ngazi. Ni hatua nne mpaka mlango.