Mtoto Analowa Jasho Akinyonya, na Karatasi Ninayo Mimi

Bi Sabiha, assalaam alaykum. Nimekuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumtazama machoni nikamwambia hili, na jina langu naomba ulifiche, kwani kazi yangu hapa Mabawa ni kukanda wazazi, nawaogesha maji ya moto, nawafunga tumbo, nawaangalia wao na vichanga vyao mpaka arobaini itoke, na watu wananiamini.

Mkaza mwana wangu, nimwite Khairat, alijifungua mtoto wa kiume siku thelathini na nne zilizopita, akapoteza damu nyingi, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa hospitali alikuwa hajiwezi, ni mimi niliyembeba mtoto na ni mimi ambaye nesi alizungumza nami, akaniambia, mama, daktari amesikia mlio kwenye moyo wa huyu mtoto, mpelekeni akapigwe picha ya moyo ndani ya wiki moja hata mkimwona mzima, akanipa karatasi. Mtoto alikuwa mwekundu, ananyonya vizuri, analia mpaka jirani wanasikia, nikajiambia nimeshika vichanga wangapi mimi, mwenye moyo mbovu si nitamjua, na kumtoa kichanga wa siku saba akapitishwe mjini kwenye bajaji kila jicho limwone, hilo kwetu halifanyiki, basi karatasi nikaiweka sandukuni chini ya nguo zangu na Khairat sikumwambia, wala mwanangu Rahimu aliye kazini Mtwara sikumwambia.

Wiki ya nne mtoto akabadilika. Ananyonya kidogo anaachia, anahema mbiombio, kichwa kinalowa jasho hata asubuhi kukiwa na ubaridi, mashavu yameanza kupungua, nami nimemfunga mvuje mkononi wa kuzuia kijicho, nimemchua kifua kwa mafuta ya nazi, nikamwambia Khairat ni mafua yatapita, naye akanijibu, "Mama, wewe ndiye unayejua, mimi nakufuata wewe."

Tena kuna jambo sijamwambia mtu. Mtoto wangu wa kwanza, Shaib, alifariki ana miezi mitatu, mwaka themanini na nane, kule Kigombe, na alikuwa akilowa jasho hivihivi akinyonya, na miaka yote nimesema siku zake zilifika, sasa nikimpeleka huyu wakasema ana tiba, nitajiambia nini juu ya yule. Nakuuliza, zimebaki siku sita tu arobaini itoke, je, nisubiri, kisha nimpeleke mwenyewe kimyakimya, na karatasi niseme nimepewa siku hiyohiyo, ili Khairat asijue?

Mkandaji, Mabawa

JIBU

Shikamoo, mama. Baada ya salamu hiyo nitasema nawe kama mtu aliyekasirika, kwa sababu nimekasirika. Niliposoma barua yako nilikupigia simu mara tatu kwa namba uliyoiandika chini yake, hukupokea, nikakutumia ujumbe kwamba umpeleke leo. Naurudia hapa gazetini kwa sababu naamini kuna nyumba nyingine zenye karatasi kama hiyo.

Siku sita huna. Nimemuuliza daktari wa watoto ninayemwamini, na nitakueleza kama alivyonieleza. Mtoto akiwa tumboni havuti pumzi, hewa anaipata kwa mama yake kupitia kitovu, kwa hiyo damu yake haina haja ya kupita kwa wingi mapafuni. Ana njia mbili za mkato: tundu dogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaoikwepesha damu isiende mapafuni. Akizaliwa akalia, mapafu yanajaa hewa, na njia zile zinaanza kujifunga, ule mshipa kwa kawaida ndani ya siku chache tu. Kwa watoto wengine haujifungi, au moyo una tundu jingine ambalo halikutakiwa kuwapo. Na hapo ndipo ulipokosea wewe na uzoefu wako wote. Siku za mwanzo mishipa ya mapafu bado imebana, damu haiwezi kumwagika huko, mtoto anaonekana mzima kabisa. Wiki zinavyokwenda mishipa inalegea, damu inafurika mapafuni, na moyo unachoka kama mtu anayepanda mlima bila kupumzika. Ndiyo maana siku ya saba alinyonya vizuri na wiki ya nne anatoka jasho. Nesi alikwambia "hata mkimwona mzima" kwa sababu alilijua hilo.

Arobaini ni mapumziko ya mzazi, mama, haikuwekwa imfungie ndani mtoto mgonjwa. Ukiogopa macho ya watu, mfunike kanga muondoke. Mvuje mwache nao ukipenda, ila kifua usikichue tena, na usimlazimishe kunywa kitu chochote. Mbebe kichwa kikiwa juu, na ukiona midomo inageuka rangi au anashindwa kabisa kunyonya, usisubiri hata nguo zikauke. Kuna watoto wanaopona kwa dawa na wengine kwa upasuaji, na kuna wanaofikishwa wakiwa wamechelewa. Huyu wako yuko kundi gani sijui, na sitakudanganya ili ulale vizuri.

Kuhusu Shaib, pole sana. Hakuna atakayejua sasa alikuwa na nini. Ulikuwa msichana, na hukupewa karatasi na mtu yeyote. Mlilie, lakini usijihukumu kwa ajili yake. Hii ya sasa ulipewa mkononi.

Na ule uongo wa kusema karatasi umepewa siku hiyohiyo, uache hukohuko ulikoufikiria. Ina tarehe. Keti na Khairat kabla hamjatoka nyumbani, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, na akikupigia kelele unyamaze umsikilize. Ukimficha, mtafika pale, daktari atamgeukia yeye, si wewe, amuulize kwa nini amemchelewesha mwanawe mwezi mzima, na binti wa watu atainamisha kichwa aombe radhi.