Dada Ruthi, Mwanao Anasoma Udongo

Mpendwa dada Ruthi, wewe uliyelala Itaka kando ya mibuni yako,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza kusema na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo. Ni mimi mdogo wako, Ezekia. Barua hii naiandika wazi. Kama kuna mzazi anafungafunga begi la mtoto wa chuo, na yeye aisome, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kumkuta naye, akiwa hana mke wa kumkanya kama niliyenaye mimi.

Habari kubwa ni kwamba Sekela wetu ameingia chuo. Uliniachia akiwa bado anapoteza viatu njiani akitoka shule ya msingi. Sasa amenipita urefu, na mimi unajua si mfupi. Enzi zangu za upagazi pale Tunduma, nikisimama mpakani, Wazambia walikuwa wananiona toka Nakonde wanaulizana serikali yetu imejenga mnara lini.

Nakusikia. "Ezekia, toa nusu."

Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia. Nakuja mbio shambani nasema nimefukuzwa na nyoka mrefu kama nguzo ya simu, wewe unaendelea kuchuma kahawa hata hugeuki. "Toa nusu." Natoa. "Toa tena." Tunaendelea hivyo mpaka nyoka anabaki mjusi, na tunacheka mpaka ndoo inapinduka na mama anatufokea wote wawili. Dada, watu wengi wamenikatiza maneno katika maisha yangu, lakini wewe peke yako ulinipunguza bila kunivunja. Hata kile kisa changu cha babu, kwamba kimondo kilipoanguka Mbozi alikuwa analima jirani, akakisogeza kidogo kwa jembe kisimharibie mahindi, hukunikataza. Uliniambia, "Hicho hakina nusu. Ukikisema, kiseme chote."

Basi sasa sikiliza la mtoto.

Majibu yalipokuja, Sekela alikuwa amechaguliwa chuo cha kilimo, kule mbele ya Mbeya. Wifi yako Grace alipiga vigelegele mpaka wateja wa duka letu wakaacha mchele kwenye mizani wakaja kuona. Mimi nilicheka nao, lakini moyoni kuna kitu kilinikwama. Kilimo? Wewe na mimi tumelima tangu tukiwa hatujaota meno ya mbele mapya, nani alitupeleka chuo? Niliona hilo neno ni dogo. Niliona msichana amesoma miaka yote hiyo, amefaulu hivyo, halafu nikatangaze kwa watu kwamba anakwenda kujifunza jembe!

Jumapili ikawa ibada ya shukrani. Unajua desturi yetu, mtoto akipata jambo anaitwa mbele, kwaya inaimba, ndugu wanakuja na vyao: huyu ndoo, huyu kanga, huyu blanketi. Halafu mzazi anasema neno. Nikapewa kipaza sauti. Dada, mtu kama mimi hapewi kipaza sauti.

Nikasema, "Mungu ni mwema! Ukoo wetu sasa umepata daktari!"

Kanisa lilitetemeka. Mabati yalinyanyuka yakakaa tena mahali pake. Sekela pale mbele akanitazama, blanketi mikononi, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni furaha.

Nikampeleka chuo mwenyewe. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nawaeleza abiria, na yeye amegeukia dirishani. Tulipofika, kila aliyetuuliza jambo nilijibu mimi. Anaitwa nani, nikajibu. Ametoka wapi, nikajibu. Mama mmoja pale mabwenini akauliza, "Binti, unapenda kitanda cha juu au cha chini?" Nikasema cha chini. Sekela anapenda cha juu. Hilo nimelijua juzi.

Nikarudi Tunduma nikawa napiga simu. Asubuhi napiga, mchana napiga, na swali langu ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Anasema, "Mjomba, huku bado hatujapangwa." Nasema, "Basi wakipanga, hakikisha." Nikikata simu namgeukia mteja yeyote aliye karibu: "Nilikuwa naongea na daktari."

Likizo ya kwanza ikafika. Alirudi amekonda. Hata mizigo hajafungua, asubuhi yake nikaamka nikakuta msururu umeanza mlangoni kwangu, umepinda kona, umeshika barabara kuu, malori ya Kongo yanapiga honi yanaomba njia.

Sawa, natoa nusu. Natoa tena. Walikuwa watu wanne na mbuzi. Mzee wa kanisa na goti lake, mama mmoja na mtoto mwenye upele, mpagazi mwenzangu wa zamani aliyeumwa jino, na kijana wa Kizambia anayeuza nguo jirani yetu, amemshika mbuzi kamba. "Mulishani mukwai," ananisalimu. "Nasikia daktari amekuja. Huyu hali majani."

Sekela alichungulia dirishani, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Wifi yako akatoka jikoni anafuta mikono, akanigeukia. "Baba Josefu, hawa watu umewaambia nini?"

"Mimi? Si niliwaambia tu habari njema?"

"Habari njema ndiyo hii inapiga kelele mee mlangoni kwangu?"

Akawapa watu chai, akawaelekeza zahanati, akamwambia yule kijana wa mbuzi aende kwa bwana mifugo. Halafu akagonga chumbani, akamtoa mtoto, akamkalisha. Na mimi akanikalisha.

Sekela alisema ameinama. "Mjomba, mimi sirudi chuo."

Nikacheka, nikadhani utani.

"Sirudi. Nimefeli jaribio la kemia. Kila nikifungua daftari nawaona wale watu wa kanisani wamesimama wanapiga makofi. Nikifeli tena utawaambia nini? Wacha nibaki, nikusaidie dukani. Kupima mchele naweza."

Dada, nilisimama pale pale. Nikasema, "Kesho mimi na wewe tunakwenda. Nitaongea na mkuu wa chuo mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume. Mimi nimeongea na maofisa wa mpaka wa nchi mbili kwa wakati mmoja..."

"Ndiyo hicho, mjomba!" Akaanza kulia. "Ndiyo hicho hicho ninachosema!"

Wifi yako hakupaza sauti. Alisema tu, "Kaa chini. Muulize anasoma nini."

"Najua anasoma nini."

"Muulize."

Nikamwuliza. Na pale nilipokuwa nangoja jibu ndipo nikaona kwamba nilikuwa nalingoja kweli, kwamba sikuwa nalijua. Mtoto wako yuko chuo muhula mzima, na mimi sijui anafungua daftari gani asubuhi.

Akafuta machozi. "Mambo mengi. Lakini ninalolipenda ni udongo."

"Udongo? Huu tunaokanyaga?"

"Huu huu." Halafu, dada, akanyanyua kichwa kidogo. "Mwalimu wa udongo ametupa kazi ya likizo. Kila mtu achimbe shimo kwao, kimo cha kifua, ukuta wake uwe umenyooka, asome tabaka zake na arudi na udongo wa kila tabaka. Mimi nilitaka kuchimba Itaka, shambani kwa mama. Lakini kama sirudi, basi."

Nikatafuta maneno ya kumwambia, na unajua mimi sijawahi kukosa. Nilipata manne tu. "Shimo mimi najua kuchimba."

Hatukuelewana zaidi ya hapo. Hakusema atarudi chuo, na mimi nikajizuia nisimwulize. Tulipanda basi dogo mpaka Vwawa, tukatafuta pikipiki za Itaka, sururu na koleo tumezifunga kwa mpira. Tulikusalimu kwanza hapo ulipo, tukang'oa majani, halafu Sekela akapima kwa hatua zake upande wa juu, pale mibuni ilipogeuka njano, akachora mstari kwa fimbo.

"Hapa, mjomba. Na ukuta huu unaopigwa na jua usiuguse, wala usikanyage juu yake."

Nikachimba. Kila nilipotaka kueleza jinsi nilivyowahi kuchimba kisima peke yangu kwa kijiko, aliniambia, "Mjomba, ukuta," na mimi nikanyamaza nikanyoosha ukuta. Jua lilikuwa limepanda tulipofika kimo cha kifua. Akashuka na kisu cha jikoni cha wifi yako, akaanza kukwangua taratibu kutoka juu kwenda chini, na ardhi ikajitokeza kama kitambaa kilichoshonwa vipande: cheusi chenye mizizi juu, halafu chekundu, halafu chekundu kingine chenye vijiwe.

Baba Zawadi, yule jirani wa shamba unayemkumbuka, akatokea njiani. Alipotuona akavua kofia, akaja polepole mikono ameikunja.

"Poleni sana. Ni nani tena?"

"Hakuna msiba, jirani," nikamwambia.

"Sasa hili kaburi?"

Sekela akatokeza kichwa toka shimoni, mzee wa watu akaruka nyuma. "Shikamoo baba. Si kaburi, tunausoma udongo. Karibu ushuke uone."

"Marahaba. Hapana mwanangu. Mimi shimoni nitashuka mara moja tu, na siku hiyo nitakuwa nimebebwa." Lakini akachuchumaa ukingoni. "Haya, unasemaje huo udongo?"

Na mtoto akaeleza, dada. Akachoma kisu juu kikazama. Akashusha kiganja kimoja, akachoma tena, kisu kikagoma. "Mnasikia? Hapa pamekuwa kama sakafu. Ng'ombe na plau wamepita kina kile kile miaka yote, ardhi ikashindiliwa. Mizizi ikifika hapa inapinda, angalieni, inatambaa. Kwa hiyo kiangazi mibuni ina kiu, na maji yapo chini yake."

Baba Zawadi akanitazama. "Ezekia, umesikia? Miaka yote tunasema shamba limerogwa."

Mimi nilikuwa nimeegemea koleo. Sauti ya mtoto ilikuwa yako. Nilikukumbuka ulipotoka shule ya Misheni siku za likizo, baba amekaa kwenye kigoda, na kabla hujatua sanduku anauliza, "Wa ngapi?" Ukijibu wa tatu anasema, "Hao wawili mbele yako wana vichwa viwili?" Siku moja tulikuwa tunakoboa kahawa wewe na mimi, ukaniambia, "Ningepata mtu mmoja tu hapa nyumbani wa kuniuliza nimejifunza nini." Nilikuwa mdogo, nimeshaanza kuitoroka shule, nikakujibu nini sijui. Pengine nilikusimulia habari za nyoka.

Basi nikamwuliza yeye. Nikamwuliza ile sakafu inavunjwaje, yale maji chini yanajuaje kupanda, kwa nini mwekundu ni mwekundu. Mengine alijibu. Mengine alisema, "Hilo bado hatujafundishwa," na hapo hapo akacheka, kicheko cha kwanza tangu arudi, akasema, "Nitamwuliza mwalimu."

Nikajifanya sikusikia. Ukimwona ndege ametua karibu nawe, humpigii makofi.

Jioni, tukifungasha vile vifuko vya udongo, akasema mwenyewe. "Nitarudi, mjomba. Kemia nitairudia. Lakini kabla sijaondoka, Jumapili, utawaambia watu kanisani mimi ninasoma nini. Na utawaambia kwamba nimefeli jaribio."

"Hilo la kufeli na lenyewe?"

"Na lenyewe. Wakishajua, sitakuwa na la kuogopa."

Jumapili nikasimama, dada. Wakasita kunipa kipaza sauti, nikasema bila hicho. Nikasema mtoto wetu si daktari wa watu, anasoma kilimo, anasoma udongo, kemia imemshinda safari hii na anakwenda kuijaribu tena, mwombeeni. Halafu yule mzee wa goti akasema kutoka kiti cha mbele, "Tulijua, Ezekia. Kila mtu wa Tunduma anayekufahamu alijua. Tulikuja pale asubuhi kukuangalia tu utasema nini."

"Na jino langu je?" akasema mpagazi. "Mimi niliumwa kweli!"

Kanisa likacheka mpaka mchungaji akafunga kitabu. Sekela naye alicheka, na baada ya ibada kina mama wawili wa Mbozi walimvuta pembeni, wakamwuliza habari za mahindi yao yanayokauka ncha.

Safari hii aliondoka peke yake. Wifi yako alimfungia karanga na mahindi ya kukaanga, mimi nikambebea begi mpaka mlangoni mwa basi, kondakta akauliza anashuka wapi, nikafungua mdomo, nikaufunga, akajibu mwenyewe.

Hivi ndivyo tunavyoishi sasa. Tunaongea Jumamosi, na yeye ndiye anayepiga. Namwuliza amekula nini, amelala vipi, amejifunza nini, halafu nasikiliza, hata anapotaja vitu ambavyo sijui kuvitamka. Siku akisema amechoka, simwambii habari za mimi nilivyobeba magunia. Namwambia pole. Dada, hilo neno ni dogo, lakini nimeona linavyomnyanyua. Ile kemia ameivuka, kwa alama ambazo si za kusimamia kanisani, na sikusimama. Nimemwambia wifi yako tu. Na Baba Zawadi pia, lakini huyo ni jirani. Na dereva mmoja wa lori la Kongo.

Leo asubuhi nilikumiss sana, na si Jumamosi, nikampigia mtoto nisikie tu ile sauti. Akakata. Ukaja ujumbe: "Mjomba shikamoo, niko darasani. Nitakupigia."

Basi lala salama, dada yangu. Usihangaike. Mtoto yuko darasani.

Mdogo wako Ezekia,
mjomba wa Sekela,
Tunduma