Saa Moja na Nusu

Kisesa, Mwanza

Dada yangu Gladness,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Dar, na shemeji Victor ameshapumzika na safari. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Maige bado yuko ziwani kwenye dagaa, na pacha wanapokezana kulia, Kulwa akinyamaza Doto anashika zamu. Naandika mmoja akiwa mgongoni, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Kwenye simu tulikatana maneno, ndiyo maana nimeona niandike. Jirani yangu Rose anapanda basi Nyegezi, atakuletea.

Dada, ulisema nilifanya makusudi ili shemeji arudi Dar bila mwanangu Precious. Si kweli. Nilipokuuliza habari za safari ulinijibu kwamba ndege ni saa moja na nusu tu. Wewe ulikuwa unanitoa wasiwasi, kwamba Mwanza na Dar si mbali, mtu anapaa na kutua kwa muda huo. Mimi nikaelewa inaondoka saa moja na nusu jioni.

Basi mchana ule nikamwogesha Precious taratibu, nikamsuka, nikampaka mafuta. Umeme ulikatika tangu asubuhi na simu iliisha chaji, sikujua kama shemeji ananitafuta. Pacha nikamwachia Rose. Tulifika uwanjani jua linazama. Mlinzi alicheka, akasema mama, ndege ya saa nane mchana unaifuata sasa hivi? Abiria wake wameshafika makwao wanaoga. Precious akamwuliza kama hawezi kuipigia honi irudi.

Nikakaa kwenye benchi pale nje. Nilijua umeshamwandalia kitanda na shule umemtafutia, nikataka kulia kwa aibu. Machozi hayakuja. Mtoto alinilalia mapajani, na mimi nikajikuta nashukuru. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo sikutaka aende. Nilikubali kwa sababu nimechoka, dada. Uliposema nikupe mmoja nipate kupumua, nilisikia kupumua tu, hilo la kumtoa halikuniingia.

Kwako angekula vizuri na kusoma vizuri, sibishi. Lakini akiamka na homa ananiita mimi, na nataka anikute hapo hapo. Kwa hiyo Precious haendi. Maige nimeshamweleza kwa simu, na yeye amesema sawa. Usinikasirikie, na usimkatie tiketi nyingine.

Uchovu wangu uko palepale, sikufichi. Ukitaka kunisaidia, tiketi utakayokata iwe na jina lako. Njoo ukae nasi hata mwezi, wewe ubebe mmoja na mimi mmoja, Precious atakushika sketi.

Mwombe shemeji radhi kwa kumsimamisha pale uwanjani. Precious anakuamkia sana mama yake mkubwa. Kulwa na Doto watakuamkia ukishawabeba.

Ni mimi mdogo wako,
Odeta