Kitatange Niliyemkaribisha Ndani

Kibaha, Jumamosi, 12 Oktoba 1974

Joto kali tangu asubuhi. Wingu limetanda lakini mvua hainyeshi. Leo nitaandika yote, hata yale niliyomficha Mwalimu Mwanahawa. Nikiona haya, nitaendelea kuandika hivyo hivyo.

Samaki watano wamekufa.

Mwalimu Mwanahawa, anayetufundisha baiolojia, alipokwenda kwao Kisarawe kumuuguza mama yake, aliniachia ufunguo wa maabara. Aliniachia pia tangi la kioo la maji ya bahari, lenye matumbawe hai na samaki wa miamba. Mara mbili mwaka huu vimelea vimeingia humo. Samaki hutokwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, hujikuna kwenye mawe, huhema, hufa. Mara zote mbili vililetwa na samaki mgeni. Ndipo Mwalimu akaweka sharti: kila mgeni akae peke yake wiki nne katika tangi dogo la dirishani, hata akionekana mzima.

Mwezi uliopita tuliletewa samaki mgeni, kitatange wa manjano, mzuri sana. Siku ya sita nilimkuta amekaza mdomo kwenye kioo, chakula hajakigusa. Kwetu Marui mgeni akibisha hodi huingizwa ndani, hata kama nyumba ni ya chumba kimoja na kuku wamo. Kumwacha nje ni aibu ya mwenye nyumba. Nilimtazama yule samaki, nikaiona aibu hiyo.

Nikamchota kwa kimia, nikamtia kwa wenzake.

Alikula papo hapo. Nilifurahi, nikajiona nina huruma kumshinda Mwalimu.

Siku ya tisa madoa yakatokea, kwanza kwa samaki aitwaye kangaja, kisha kwa wote. Nilimwandikia Mwalimu kwamba ugonjwa umerudi, na kwamba masharti yote nimeyafuata. Sentensi hiyo ndiyo niliyoiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Jibu lake lilifika jana. Anasema ikiwa masharti yalifuatwa, basi kasoro ni maji, na Mzee Shomari asilete tena.

Mzee Shomari ni dereva wa lori la shule. Kila Jumamosi hupeleka mjini mayai na mchicha wa shamba letu, kisha hupitia ufukweni kutujazia madumu. Huingia baharini mpaka kifuani, kwa kuwa Mwalimu alimwambia maji ya ukingoni ni machafu.

Leo asubuhi nilimfuata kabla hajawasha lori.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Samaki wako wana kiu tena? Maana wale wanakunywa kushinda ng'ombe wa shule!"

Nilimweleza kwamba Mwalimu anasema kasoro ni maji, asilete tena. Akachukua dumu moja, akalinusa.

"Labda ni hili. Zamani lilikuwa la mafuta ya taa. Nimelisugua kwa mchanga na majivu, lakini pua yangu nayo imezeeka. Niombee radhi kwa Mwalimu."

"Ndiyo, babu," nilisema.

Hayo tu ndiyo niliyosema.

Jioni nimewahamishia samaki wawili waliobaki katika tangi dogo. Kitatange ni mmoja wao. Tangi kubwa litakaa wiki nyingi bila samaki, ili vimelea vikose wa kumnyonya, vife. Matumbawe havitayadhuru, ila yanahitaji maji mapya, na maji yanamhitaji Mzee Shomari.

Kesho, kabla ya chai, nitakwenda kumwambia ukweli babu huyo. Kisha nitanakili ukurasa huu wote uwe barua, pamoja na ile "Ndiyo, babu", niitume kwa gari la Kisarawe Jumatatu. Ufunguo nimekwisha kuuvua shingoni. Nani apewe, Mwalimu ataamua.

Ninaloomba lije na gari hilo hilo likirudi ni jibu moja tu. Mwalimu, maji yalikuwa safi. Utamruhusu Mzee Shomari aingie tena baharini Jumamosi ijayo?