Kitanda cha Bibi Gherghina cha Kulalia Ahera

Shangazi Aglaia mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo karamu na mimi sijui nitasema nini mbele za watu. Bibi yake mume wangu, Bibi Gherghina, tunaishi naye nyumba moja, na ameamua kujifanyia sadaka ya wafu angali hai kama wazee wengi wa huku kwetu mkoani Gorj, anasema akituachia sisi wajukuu tutamfanyia kwa sahani za plastiki, kwa hiyo kabichi za kukunjia nyama ziko tayari, gongo ya plamu iko tayari, padre ameshaambiwa, na kitanda kipya kitatolewa uani pamoja na godoro la manyoya ya bata bukini na mito aliyoidarizi mwenyewe, apewe mtu, ili Bibi akifika ahera akikute kinamngoja. Mtu huyo ni mimi, Bibi amenichagua. Nilifurahi hadi nikatoa machozi, Shangazi, kwa sababu mwanangu Tudorel anaota meno na mimi nimesahau usingizi unafananaje, ila Bibi akasema anayepokea lazima awe anaamini, kwani akijibu "Mungu apokee" kwa mdomo mtupu, kitanda kitakwama njiani.

Mimi sijui kama kuna kitu huko. Sikatai, sijui tu. Kanisani naenda, mshumaa nawasha, lakini nikijiuliza ndani kabisa nakuta kimya. Nikamwambia. Akaweka mwiko chini.

"Sasa wewe Mirela, kuamini kunakupunguzia nini? Kama hakuna kitu, tutakuwa tumekufa wote, nani atakucheka? Na kama kupo, mimi nitakuwa nimejilaza kwenye manyoya, wewe umesimama mlangoni na huyo mtoto mgongoni!"

"Bibi, siwezi kuamini kwa kuogopa kusimama."

"Haya, nitampa Lenuța."

Lenuța ni jirani yetu, yeye na Bibi hawasalimiani tangu wagombanie bata mzinga. "Yule anaamini kila kitu," akasema Bibi kwa uchungu, "hata utabiri wa hali ya hewa."

Nikamuuliza, "Na wewe Bibi, una hakika?"

Akatazama mlango kwanza. "Hakika ninayo ya kuku wangu. Huko sijaenda. Lakini kama kupo, mgongo huu niulaze wapi?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka, lakini bado anangoja jibu langu. Mume wangu Nelu ananiambia, "Sema unaamini, mzee afurahi, yaishe." Nikidanganya, nimemdanganya katika jambo analolijali kuliko yote, nikisema kweli kitanda kinavuka ua kwenda kwa Lenuța na Bibi atalia. Au Bibi amesema kweli, niamini tu kwa tahadhari?

Mirela

*

Mirela mwanangu,

Umeandika kama mtu anayekimbia na mtoto begani, na nimekuonea huruma. Sasa nisikilize.

Kuamini kwa tahadhari hakupo. Huwezi kujiamuru kuamini, kama usivyoweza kujiamuru kuwa na njaa. Na kama Mungu yupo, anajua nani amekuja kumtembelea na nani amejibanza barazani kwake kukwepa mvua. Hofu isikufanye useme ndiyo. Wala usiseme hapana kana kwamba ulishafika huko ukakuta pamefungwa. "Sijui" ni jibu la heshima, na ulilitoa vizuri. Nelu mwambie anyamaze, akamenye viazi.

Lakini wewe nawe, masikio uliyaweka wapi? Bibi wa watu ametazama mlango, akakwambia siri ambayo padre hajaisikia: naye hajui! Hamwiti Lenuța na imani yake yote, anakutaka wewe. Angetaka mwenye hakika, kitanda kingeshavuka ua zamani.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Mfuate jikoni leo, mkiwa peke yenu, umwambie: "Bibi, sijui kama kupo, lakini kama kupo nataka ulale vizuri." Hilo unaliamini, au siyo? Basi mdomo wako si mtupu. "Mungu apokee" ni dua, si kiapo cha mahakamani. Mimi huwaambia wanangu "mfike salama" wakipanda basi, na dereva simjui. Atalia kidogo, mwache alie, kisha atakupa kabichi uonje chumvi.

Na Jumamosi, padre akishamaliza na watu wakishaingia kwenye gongo, kitanda kikiwa bado uani juani, mpe Nelu mtoto, vua viatu, panda, ulale. Akiuliza mtu, mwambie unamjaribia Bibi. Kama kuna anayetazama kutoka juu, aone mwenyewe kuwa kitanda ni kizima, kinafaa kupokelewa.

Shangazi Aglaia