Picha Niliyoifuta kwa Ajili ya Uwanja wa Baba Witness

Jumapili, 16 Juni 2013. Tunduma. Baridi ya kukunja vidole, upepo na vumbi, na bado nimeamka natabasamu.

Nimelala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Alhamisi.

Nikiri kwanza. Mwenye studio ya picha za pasipoti kama mimi akishaanza kujiona msanii, ni mtu wa kuogopwa. Mwezi mzima nimekuwa nikienda uwanja wa Baba Witness, njia ya Mpemba, kupiga picha sinema yake. Alikuwa dereva wa malori hadi alipovunjika mguu. Sasa ana uwanja wa kuegesha, na ukuta wa ghala ameupaka chokaa. Jua likizama, malori yanageuzwa yatazame ukutani, projekta inawashwa, na madereva wanaangalia filamu humo humo kwenye kabini, blanketi magotini, chai mkononi.

Nilimuuliza sinema inamlipaje. Akacheka.

"Hailipi, mwanangu. Mafuta ya jenereta yanameza yote. Kinacholipa ni lori kulala hapa, na chipsi za mama Witness. Filamu ni ya kumfanya dereva asiondoke."

Hapo ndipo ningepaswa kutumia akili. Nusu ya madereva wale karatasi zao za forodha huwa zimeshatoka, wangeweza kuvuka mpaka wa Zambia mchana. Bosi akipiga simu kutoka Dar anaambiwa foleni haijasogea, na foleni ya Tunduma hakuna asiyeiamini. Mji mzima unalijua hili. Mimi nimezaliwa hapa.

Jumatano nikaweka picha humu kwenye blogu. Nilisimama pembeni mwa ukuta, nikayapata malori yote mstari mmoja, nyuso nyuma ya vioo, mwanga wa filamu machoni. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Chini yake nikaandika: "Karatasi zimetoka, lakini filamu kwanza."

Namba za malori zote zilisomeka.

Alhamisi jioni uwanjani kulikuwa na lori moja, nalo bovu. Mudi, dereva wa Tanga asiyekosa filamu, alinisubiri getini, lake kaliegesha kwingine. Picha alikuwa ameiona kwenye simu ya mwenzake.

"Dada, umetuanika. Bosi wangu naye ana simu kama hii."

Baba Witness hakunifokea. Alisema tu jenereta leo ipumzike, akaanza kukunja nyaya huku akichechemea. Afadhali angefoka.

Tukaenda studio, nikaifuta. Kwenye blogu, kwenye kompyuta, kwenye kadi ya kamera, Mudi akiwa amesimama pembeni yangu. Roho iliniuma, sitadanganya. Halafu nikabaki kungoja, maana picha ikishatoka hujui nani ameiona. Ijumaa nzima kila simu ilipoita nilidhani kuna mtu amefukuzwa kazi kwa sababu yangu.

Jana jioni nilikwenda bila kamera. Kabla sijafika getini nikasikia jenereta.

Malori tisa! La Mudi lilikuwa mbele kabisa. Bosi wake alikuwa amepiga asubuhi, akampa pole ya foleni. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna hata aliyeulizwa. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka peke yangu kama chizi.

Mudi akanifungulia mlango wa abiria. Baba Witness akaja dirishani na kitabu cha tiketi, akanitoza kiingilio, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Nikalipa na kushukuru. Mwezi mzima nilikuwa nimeupa ule ukuta mgongo. Sikuwa nimetazama filamu hata moja.

Katikati ya filamu simu ya Mudi ikaita. Akawasha taa za lori mara mbili, na sauti ikakatwa uwanja mzima. Ndiyo desturi ya pale, bosi wa mmoja akipiga wote wananyamaza.

"Haijasogea, bosi," Mudi akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Kabini tisa kimya, na mimi nimebana pumzi pamoja nao. Sijui kama ni dhambi. Najua tu kwamba safari hii niliweza kunyamaza.

Na kama wewe unayesoma ni bosi wa malori: majina nimebadilisha, uwanja hauko njia ya Mpemba, na foleni kweli haijasogea.