Mume Wangu Hupotea Akiwa Kwenye Usukani

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana nimefika mahali hata kula siwezi. Mimi ni msusi, nasukia watu barazani kwangu, na mume wangu ni dereva wa basi la shule, mtu mpole, hanywi, hana makuu, na tuna binti mmoja ambaye hajatimiza miaka minne. Shule zilipofungwa mume wangu akaazima gari la kaka yake, akasema twende milimani tukapumzike, mtoto naye akaone ukungu, kwa sababu alikuwa anatusumbua kila siku akiuliza kama mawingu yanashikika, basi tukapakia mablanketi na masweta na chakula cha njiani, tukaondoka asubuhi tukiwa na furaha ambayo sijui kama nitaipata tena.

Barabara ikaanza kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo, baridi ikaingia, na mtoto akalia huko nyuma kwamba anasikia kichefuchefu na anataka kuona mbele, nikamchukua nikampakata. Ukungu ukaanza kuteremka barabarani, mtoto akapiga makofi, akasema, "Baba, ndiyo haya mawingu?" Akauliza tena, "Baba! Ndiyo haya?" Nikamgeukia mume wangu, nikamkuta macho wazi, ameshika usukani kwa mikono miwili, mdomo unatafuna na hamna kitu mdomoni, na gari linakwenda moja kwa moja korongoni wakati barabara inakata kona. Nikamwita, hakusikia. Mshauri, mikono nilikuwa nayo miwili tu. Nikamwachia mtoto, nikaurukia usukani nikauvuta kwa nguvu zangu zote, gari likagonga ukuta wa mlima na mwanangu akaenda na kioo cha mbele.

Mume wangu akazinduka akauliza, "Kumetokea nini?" kama mtu aliyeamshwa kitandani. Jicho la kushoto la mtoto halikuokoka.

Pale hospitali, kabla ndugu hawajafika, alinishika akalia, akaniambia hali hiyo humjia tangu mwaka jana, anajikuta muda umepita na hajui alikuwa wapi, na daktari hajamwendea kwa kuogopa kunyang'anywa leseni. Akasema, "Mke wangu, nisitiri. Tuseme ng'ombe alikatiza barabara." Nikakubali, nilikuwa nimechanganyikiwa, siku ile ningekubali lolote. Sikujua kwamba mzigo wa uongo ule nitaubeba peke yangu, maana mama mkwe alipofika alisema, "Haya, ng'ombe kakatiza, breki zimefungwa. Mtoto alikuwa mikononi mwa nani?" Mume wangu akatazama chini. Mama mkwe akapaza sauti mbele ya wauguzi, "Mama gani anamwachia mtoto wake?" Na mpaka leo kila anayekuja kutupa pole hunitazama kwa jicho hilo hilo, na mume wangu yupo hapo hapo sebuleni, anasikia, anakoroga chai.

Mtoto mwenyewe anasema kweli ila hana wa kumsikiliza. Anawaambia wageni, "Baba alikuwa anatazama lakini hayupo," wanacheka, wanasema watoto bwana.

Hayo ningeyavumilia. Lakini shule zimefunguliwa na amerudi kwenye basi. Juzi nilikuwa namsuka mama mmoja ambaye mapacha wake hupanda basi hilo, akaniambia, "Shoga, wanangu wakishapanda kwa mumeo, moyo wangu mweupe kabisa." Nikamvuta nywele mpaka akapiga kelele. Halafu dada anayeshusha watoto kwenye basi akanisimulia huku anacheka kwamba wiki hii mume wangu alipitiliza kituo, watoto wakawa wanaita "Dereva! Dereva!" na yeye anakwenda tu, mpaka mbele kabisa ndipo akasimama, akauliza makelele ya nini. Nilipomuuliza nyumbani akanijibu, "Unataka tulale njaa? Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi." Nampenda, mshauri. Nikisema nimemmaliza, na nikinyamaza siwezi hata kuwatazama watoto wa watu wakipita. Nifanye nini?

Msusi niliyefungwa mdomo

*

Mwanangu msusi,

Barua yako niliimaliza nikiwa nimesimama. Sikuingoja zamu yake gazetini, niliipigia ile namba uliyoandika chini. Ukapokea kwa kunong'ona. Nikakuuliza yuko wapi, ukasema, "Amekwenda kuwarudisha watoto makwao." Nikakuambia ukate simu yangu umpigie mwalimu mkuu sasa hivi. Ukalia, ukasema ungoje jioni uongee naye kwanza. Nikakukaripia, na sikuombi radhi kwa hilo.

Ulipiga. Mwalimu mkuu alimfuata kwa gari lake akamsimamisha njiani, na basi likarudishwa na dereva mwingine, watoto wote wazima. Unaniambia mume wako alikusanya nguo akaenda kwa mama yake bila kukuaga, na mama wa mapacha amepita mbele ya baraza lako amegeuza uso. Pole. Sikukuahidi kwamba utashukuriwa.

Sasa nikuseme kidogo. Mtoto hapakatwi kiti cha mbele, alie asilie. Simamisheni gari, atapike kando ya barabara, muendelee. Yako yameshapita, hilo nawaambia wanaofunga safari mwezi ujao. Lakini lililonikasirisha zaidi ni kwamba mama wa watu alikuwekea kichwa chake mapajani, akakutajia wanawe, nawe ukamwacha aende zake. Ana haki ya kugeuza uso. Mwache, usimfuate na maneno, labda ipo siku atarudi mwenyewe.

Kuhusu ile kona: ulichofanya kiliwaokoa watu watatu wasitumbukie korongoni. Jicho la mwanao litakuuma maisha yako yote, sitakudanganya, lakini lawama si yako. Nenda kwa mama mkwe mchana, mkae, mweleze yote tangu mwanzo. Akifoka, mngoje amalize, kisha endelea pale ulipoishia. Na mtoto mwambie alichoona ndicho kilichotokea, asije akakua akidhani aliota.

Nawe baba, najua gazeti hili litakufikia. Ugonjwa hukuuomba, na mimi si daktari wa kukutajia jina lake. Lakini kukaa kimya mkeo akisulubiwa kwa jambo ulilolifanya wewe, hakuna dawa ya hospitali inayotibu hilo, itabidi ujitibu mwenyewe kwa kusema mbele ya mama yako. Na njaa unayoiogopa, je, ungewapelekea wazazi wangapi habari ambayo wewe uliipata pale hospitali? Nenda ukapimwe. Shule ina kazi nyingine, omba.

Msusi, kurudiana msikuzungumze kwanza. Siku akibisha hodi, mfungulie, mkalishe, umuulize daktari amesemaje. Kama hajaenda, vaa viatu umpeleke saa hiyo hiyo. Gari likipatikana, pandeni. Ila asiendeshe yeye.